Mgonga muhuri aliyemo ndani ya damu

Mwezi wa saba Rungwe hakuna anayekaa mbali na moto. Siku hiyo, mwaka 2015, nilikuwa jikoni kwa mama mdogo wangu kule Kiwira, yeye anapukuchua maharage, mimi nimekumbatia kikombe cha chai ili vidole vipate joto. Akanituma nimshushie ungo uliokuwa juu ya kabati. Nyuma ya ungo, nyuma ya pakiti ya majani ya chai, nikakuta chupa tatu nyeupe za dawa. Nilizijua. Ni mimi niliyezibeba kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 ndani ya basi, begi nimelipakata mapajani kutwa nzima kama mtoto mgonjwa. Chupa mbili kati ya hizo zilikuwa bado na ile karatasi ya fedha mdomoni, haijatobolewa.

"Mama mdogo, hizi mbona hazijaguswa?"

Hakuinua macho. "Nimepona, mwanangu. Bandama limerudi mahali pake, chakula nakula, shamba nalima. Sasa nimeze dawa ya ugonjwa gani?"

Nilihesabu miezi kichwani. Ilikuwa minne.

Nilitaka kufoka, na kidogo nilifoka. Lakini nilipotafuta neno la kumjibu, nililolikuta mdomoni ni moja tu: daktari kasema. Naye akanijibu kwa upole wake uleule kwamba daktari alisema ameze apone, na yeye amepona. Kwa yote aliyokuwa ameambiwa mpaka siku hiyo, hoja yake haikuwa na kasoro.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nimefundisha vimeng'enya, yaani enzymes, miaka mingi, chaki mkononi, kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Huyu mama alinilea miaka minne nilipokuwa nasoma Tukuyu, na hata siku moja sikuwahi kukaa naye nikamweleza kwa lugha yetu kile kidonge kinafanya nini kikishapita kooni. Nilimwambia saa ya kumeza, idadi, na kwamba ale kwanza. Sababu nilikaa nayo mwenyewe, na hilo bado linaniuma.

Ugonjwa wake ulianza 2013 kama magonjwa mengi yanavyoanza huku kwetu, kwa uchovu. Akatibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Akawa anashiba kwa vijiko vitatu vya wali. Usiku anatoka jasho linalolowesha kanga, na hiyo ni Juni, Rungwe, watu wanalala na mablanketi mawili. Upande wa kushoto chini ya mbavu kukawa na kitu kigumu kilichoshuka mpaka karibu na kitovu. Kuna waliosema karogwa, na kuna aliyejitolea kumpeleka akachanjwe chale. Muda wote huo, katika kituo alichokuwa akienda, hakuna aliyemlaza kitandani akamgusa tumbo. Aliyefanya hivyo ni daktari kijana hapa Mbeya mjini. Alimgusa, akanyamaza, akaandika kipimo cha picha kamili ya damu. Chembe nyeupe kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya elfu 4 na elfu 11 hivi katika mikrolita moja, yaani tone la ukubwa wa kichwa cha pini. Zake zilikuwa elfu 312.

Kutoka hapo ikawa Dar es Salaam. Jina la ugonjwa wenyewe ni refu, saratani sugu ya damu ya aina ya mayeloidi, na hospitalini wanaliita kwa herufi tatu za Kiingereza, CML. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala mtu hamrithishi mwanawe. Wakati ule dawa yake, imatinibu, ilikuwa ikitolewa bure katika taasisi ya saratani ya Ocean Road kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation la Marekani. Nasema bure, na kweli dawa ilikuwa bure. Nauli, chakula na mahali pa kulala Dar havikuwa bure, nami nitarudi hapo.

Kwanza neno, maana dawa hii kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kimoja kilichoharibika. Kiswahili kimetupa kimeng'enya, kutoka kumeng'enya, na kumeng'enya ni kazi ya tumbo na utumbo, kuvunja ugali uwe sukari na nyama iwe vipande vinavyoweza kupita kwenye damu. Ni neno zuri kwa mate na kongosho. Lakini linatuvuta tumboni hata pale tusipopaswa kwenda. Ukimwambia mtu wa Kiwira kwamba ana kimeng'enya kilichoharibika katika damu yake, atashika tumbo. Ndani ya seli kuna vimeng'enya ambavyo havimeng'enyi chochote. Kuna vinavyounga, kuna vinavyohamisha, na kuna kundi moja kubwa ambalo kazi yake ni kubandika. Hilo ndilo linaloitwa kinasi.

Nilipokuwa nimekaa pale jikoni nimeishiwa maneno, macho yangu yalienda kwenye sanduku la VICOBA. Mama mdogo alikuwa katibu wa kikundi, na muhuri wa kikundi ulikaa kwake pamoja na kile kibati kidogo chenye sponji ya wino wa zambarau. Nikamwomba.

Kila Mtanzania anajua nguvu ya muhuri. Unakwenda na barua ya utambulisho, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, jina lipo, picha ipo, na yule wa dirishani anaigeuza mara mbili anakuuliza: muhuri wa mtendaji uko wapi? Barua hiyo ni karatasi tu mpaka igongwe. Seli nayo imejaa protini zilizokaa hivyo, zimekamilika kila kitu, zinasubiri kugongwa. Muhuri wenyewe ni kipande kidogo cha fosfeti. Kinasi hukichukua kutoka kwenye ATP, ile molekuli tunayowafundisha wanafunzi kuwa ni chombo cha nishati, hukibandika juu ya protini nyingine. Fosfeti ina chaji hasi, kwa hiyo protini iliyobandikwa hujikunja upya, na umbo lake jipya linaifanya iamke au ilale. Ikiamka, mara nyingi yenyewe ni kinasi pia, inakwenda kugonga nyingine. Ishara iliyofika nje ya utando wa seli hupokezwa hivyo, muhuri kwa muhuri, mpaka kwenye kiini ambako jeni zinawashwa na seli inaambiwa: gawanyika. Kuna vimeng'enya vingine, fosfatazi, vinavyopita nyuma kufuta mihuri. Seli yenye afya huishi kati ya hao wawili, mgongaji na mfutaji.

Edmond Fischer na Edwin Krebs ndio waliogundua mchezo huu, Seattle, miaka ya 1950, wakichunguza jinsi msuli unavyoamua kufungua akiba yake ya sukari. Tuzo ya Nobel waliipata 1992. Orodha ya kinasi za binadamu ilipochapishwa mwaka 2002, baada ya vinasaba vyetu kusomwa, zilihesabiwa 518.

Nyingi kati ya hizo hugonga muhuri wao juu ya aina mbili za asidi amino, vile vijenzi vya protini, nazo ni serini na threonini. Ya tatu, tairosini, ilijulikana 1979, na jinsi ilivyojulikana huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Tony Hunter, katika Taasisi ya Salk kule California, alikuwa anatenganisha asidi hizo katika maji maalumu ya maabara. Maji yale yalikuwa ya siku nyingi, asidi yake imepanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa sababu hiyo tu, doa ambalo siku zote lilijificha nyuma ya doa la threonini likasogea pembeni likaonekana. Angekorogea maji mapya asubuhi ile, huenda asingeliona. Kinasi zinazogonga juu ya tairosini ni chache, 90 katika zile 518, lakini ndizo zinazosimamia kukua na kugawanyika kwa seli, na ndizo tunazozikuta zimeharibika katika saratani nyingi.

Moja yake inaitwa ABL. Katika seli ya kawaida ABL ni mtumishi mtulivu. Ncha ya mwanzo ya protini hiyo hujikunja ikarudi nyuma, ikaingia katika shimo dogo lililopo mwilini mwake yenyewe, ikajifunga. Ni kama mtendaji aliyeufungia muhuri wake kwenye droo, anautoa pale tu anapoletewa jambo. Jeni yake iko katika kromosomu ya 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Ikitokea kromosomu ya 9 na ya 22 zikakatika ndani ya seli moja ya uboho wa mfupa, na wakati wa kuungwa vipande vikapishana, jeni ya ABL huangukia kando ya jeni nyingine iitwayo BCR. Protini inayotoka hapo ni ya kuunganishwa, BCR-ABL, na ile ncha ya kufungia imekatwa ikabaki kule ilikotoka. Droo haina kufuli tena. Anagonga mchana, anagonga usiku, hakuna barua iliyoletwa. Seli inasoma mihuri hiyo kama ruhusa na inagawanyika, na watoto wake wote wanazaliwa na mgongaji yuleyule. Ndiyo ile elfu 312. Ndilo lile bandama, kwa sababu chembe zinazozidi hukimbilia kukaa humo.

Kromosomu hiyo iliyokatwa ilionekana kwanza 1960, mjini Philadelphia, na Peter Nowell pamoja na David Hungerford, nayo ikabatizwa jina la mji. Nowell alikuwa ameosha seli zake kwa maji ya bomba, seli zikavimba, kromosomu zikatawanyika vizuri hata zikahesabika. Waliona moja iliyo ndogo mno, basi. Miaka 13 baadaye Janet Rowley wa Chicago, mama wa watoto wanne, alikuwa anakata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, anazipanga mbilimbili, watoto wakimtania kwamba anacheza na midoli ya karatasi. Ni pale mezani alipoona kuwa kilichopungua kwenye ya 22 kimehamia kwenye ya 9. Napenda kwamba mambo haya yalionekana kwa maji ya bomba na mkasi. Nina wanafunzi wenye akili za aina hiyo, katika shule ambayo hadubini ni mbili kwa watoto mia na zaidi.

Kinasi ikishajulikana kuwa ndiye mwenye kosa, mtu anauliza: kwa nini usiizuie? Swali hilo halikupokewa vizuri kila mahali. Shimo ambamo ATP inaingia, mahali pa wino, linafanana katika kinasi zote mia tano na zaidi, na wengi waliamini kwamba dawa itakayoziba la moja itaziba ya zote na kumuua mgonjwa. Huko Basel, Uswisi, katika kampuni ya Ciba-Geigy iliyokuja kuungana na Sandoz mwaka 1996 na kuwa Novartis, kundi lililokuwa na Nicholas Lydon na mkemia Jürg Zimmermann lilitengeneza molekuli moja baada ya nyingine wakizijaribu. Brian Druker, daktari aliyekuwa Portland, Oregon, akazipima kwenye seli za wagonjwa wa CML, na moja ikaua seli zenye BCR-ABL na kuziacha nyingi za kawaida. Baadaye ilieleweka kwa nini. Imatinibu huishika ABL inapokuwa katika umbo lake la kulala, na umbo hilo halifanani katika kinasi zote hata kama mahali pa wino panafanana.

Mgonjwa wa kwanza alimeza Juni 1998. Matokeo yalipochapishwa Aprili 2001, katika wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku baada ya dawa ya zamani kushindwa, 53 damu yao ilirudi kawaida. Narudia kuandika: 53 kati ya 54. Mwezi uliofuata Marekani iliidhinisha dawa. Kabla ya hapo, asiyepata uboho wa mtu mwingine wa kupandikizwa aliishi miaka michache tu. Katika utafiti mkubwa uliofuata, ulioanza mwaka 2000 na watu 1,106, walioanzia kwenye imatinibu walifuatiliwa zaidi ya miaka 10, na ilipofika mwaka wa 10 asilimia 83 walikuwa hai.

Basi pale jikoni nilifungua kibati cha wino. Nikagonga muhuri wa kikundi juu ya gazeti la zamani: ukatoka, wa zambarau, unasomeka. Nikakata kipande cha mfuko wa nailoni, nikakitandaza juu ya sponji, nikamkabidhi muhuri.

"Gonga."

Akagonga kwenye nailoni, akagonga kwenye gazeti. Hakikutoka kitu. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayedhani kosa ni la mkono wake. Kukavu.

"Muhuri umevunjika?"

"Haujavunjika. Ni huuhuu."

"Na wino umekwisha?"

"Wino upo, Mama mdogo. Uko chini hapo."

Aliweka muhuri mezani. Akakishika kipande cha nailoni kwa kucha mbili, akakinyanyua polepole, akagonga. Zambarau ikarudi. Alilitazama lile alama muda mrefu, kuni zinalia mekoni.

"Kwa hiyo dawa ni hii nailoni."

"Ndiyo."

"Na miezi minne hii kibati kilikuwa wazi."

Sikuongeza neno. Alikwenda mwenyewe kabatini.

Ningependa kila anayetoa dawa hii aelezwe jambo hili na apewe dakika 10 za kulieleza kwa mgonjwa, kwa sababu mfano wetu wa dawa huku nyumbani ni ule wa dawa ya malaria: unameza siku tatu, unaua kilichomo, umemaliza. Hata vidonge vya TB vina mwisho. Imatinibu mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 18 hivi. Ukiacha leo, kesho kutwa nailoni imeshatoboka. Na ndani kabisa ya uboho hubaki seli mama chache zenye kromosomu ile iliyokatwa, ambazo dawa inazinyamazisha bila kuzimaliza. Hazionekani kwa hadubini wala haziumi. Mtu analima viazi, anapanda mlima wa Isyonje na debe kichwani, na hizo zimo.

Kuna utafiti uliochapishwa 2010, wa London, ambao nimeusimulia mara nyingi kuliko mwingine wowote. Walichukua wagonjwa 87 waliokuwa wakimeza dawa hii kwa miaka, wakawapa chupa zenye kifaa cha kielektroniki ndani ya kifuniko kinachoandika kila mara inapofunguliwa, kwa miezi mitatu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kushuka mpaka kiwango salama cha BCR-ABL ndani ya miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, 28.4. Piga hesabu. Asilimia 90 ya mwezi ni siku 27. Tofauti kati ya makundi hayo mawili inaanzia kwenye vidonge vitatu tu kwa mwezi, yaani kwenda msibani Kyela Ijumaa na kurudi Jumatatu bila chupa.

Mama mdogo alirudi Dar mwezi huohuo wa saba. Chembe zilikuwa zimepanda tena, elfu 96, na bandama limeanza kuguswa. Akaanza upya, miligramu 400, kidonge kimoja cha rangi ya machungwa iliyofifia, baada ya chakula, na maji glasi nzima. Alivimba kope asubuhi, akashikwa na misuli ya miguu usiku, mambo yaleyale ya mwanzo. Alikuwa na bahati na seli zake zikatii tena.

Sio kila mtu huipata bahati hiyo. Benchi la kliniki tulikaa naye kijana mmoja wa Njombe, mwembamba, mcheshi, aliyekuwa ameacha dawa karibu mwaka mzima. Aliporudi, kidonge kilekile hakikushusha kitu. Tulimwona safari mbili. Safari ya tatu tukaambiwa ameshazikwa kwao.

Kimeng'enya hubadilika. Seli zinavyozidi kugawanyika ndivyo makosa mapya ya kunakili yanavyojitokeza, na baadhi yake huangukia palepale dawa inapokaa. Linalojulikana zaidi liko nafasi ya 315 ya ABL: threonini inaondoka, inakuja isoliusini ambayo ni nene kidogo na haina pa kuishikia dawa. Wino bado unaingia lakini nailoni haikai tena. Kwa makosa mengine kuna dawa zilizofuata, dasatinibu ya 2006 na nilotinibu ya 2007. Kwa hili la 315 zote mbili zilishindwa mpaka ilipokuja ponatinibu mwaka 2012. Na 2021 Marekani iliidhinisha asiminibu, ambayo mimi naiona ni kazi ya akili nyingi sana: haigusi kibati cha wino kabisa. Inaingia katika lile shimo dogo ambamo ncha ya ABL ilikuwa ikijifungia kabla haijakatwa. Wamemrudishia mtendaji kufuli la droo.

Nimeulizwa, tena na walimu wenzangu, mbona basi dawa hizi asipewe jirani mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowamaliza kina mama wengi zaidi nchini. Jibu ni kwamba CML ni saratani ya ajabu kwa kuwa inasimama juu ya kosa moja. Ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, HPV, na kinga yake ni chanjo ambayo wasichana walianza kupewa nchi nzima 2018. Kuna uvimbe fulani wa ukuta wa tumbo na utumbo unaosukumwa na kinasi nyingine, KIT, na huo imatinibu inauweza kwa sababu mahali pa wino pa KIT panaipokea. Kuna saratani za mapafu zenye kinasi ya EGFR iliyoharibika, nazo zina vidonge vyao. Lakini uvimbe mwingi una makosa mengi kwa mpigo. Ukimzuia mgongaji mmoja, wa pili anashika zamu.

Sasa TB, kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini si jambo la pembeni. Mwaka wa tano wa dawa mama mdogo alikohoa wiki tatu, akaenda kituo kimoja na mhudumu akataka aanze dozi ya TB siku ileile. Nilimkuta stendi ya Uyole ameshika karatasi. Moja ya dawa za TB, rifampisini, huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka, na imatinibu ni mojawapo. Kiwango chake katika damu kinaweza kushuka hata kubaki robo. Angemeza kila siku bila kukosa, na kibati kingekuwa wazi. Hakuwa amesema anatumia nini kwa sababu hakuulizwa. Makohozi yalipopimwa kwenye mashine ya GeneXpert hayakuwa na TB. Mwenye CML akipata TB atatibiwa, ni lazima atibiwe, ila daktari wake wa damu ajue kwanza ili apange. Tangu siku hiyo kadi yake ina mstari niliouandika kwa kalamu nyekundu: NATUMIA IMATINIBU.

Na mashine hiyohiyo, ambayo sisi tunaijua kwa makohozi, ikiwekewa katriji ya aina nyingine hupima BCR-ABL katika damu na kukupa asilimia kwa saa chache. Hicho ndicho kipimo kinachomwambia mtu alipo, kwa kuwa bandama na chembe nyeupe hurudi kawaida mapema mno na kumdanganya. Madaktari hutaka kuona asilimia 10 au chini kufikia miezi mitatu, 1 kufikia miezi sita, 0.1 kufikia mwaka. Mgonjwa wa Kiwira akijua namba yake kama anavyojua hisa zake za VICOBA, huna haja ya kumfokea. Wapo hata wanaofika mahali pa kuacha dawa kwa ruhusa. Wafaransa walichapisha 2010 kwamba katika waliokaa zaidi ya miaka miwili bila BCR-ABL kuonekana, kama 4 kati ya 10 waliweza kuacha bila ugonjwa kurudi. Lakini hao walipimwa kila mwezi mwanzoni, na waliorudiwa walirudishiwa dawa mara moja. Kuacha kwa namna hiyo hakufanani na chupa tatu nyuma ya ungo.

Nimesema nitarudi kwenye nauli. Dawa ilipoingia sokoni 2001 mwezi mmoja ulikuwa kama dola 2,400. Mahakama ya Juu ya India ilipokataa hataza ya kampuni, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, Aprili 2013, viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya chini sana, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha ya dawa muhimu. Hayo yote ni makubwa na nayashukuru. Hata hivyo mama mdogo alipoacha, nusu ya sababu ilikuwa kujiona mzima, na nusu ya pili, aliyonieleza usiku baada ya chakula, ilikuwa kwamba kila safari ya Dar ilikula mauzo ya magunia ya viazi, naye hakutaka kuniambia kwa kuwa mwanangu wa pili alikuwa anaanza shule. Kimeng'enya nilimweleza kwa kibati cha wino. Hili la viazi sikuwa na mfano wake. Tulikaa kikao cha ukoo tukagawana safari, nani mwezi gani, na mgawo huo umeandikwa nyuma ya kalenda ukutani kwake.

Mwaka jana nilimsindikiza. Nilikwenda kununua maji, niliporudi nikamkuta kwenye benchi na mwanamke mgeni wa Kyela, wanaongea Kinyakyusa. Yule mgeni alikuwa na chupa yake ya kwanza mkononi, ameishika kama yai. Mama mdogo alikuwa ameshapita kwenye muhuri, maana mkono wake ulikuwa bado umekaa mkao wa kugonga, na sasa mgeni alikuwa anauliza swali ambalo kila mmoja huliuliza: kwa nini kwangu, nani kanifanyia. Mama mdogo akamwambia hakuna aliyefanya. Uzi ulikatika wakati wa kushonwa, ukaunganishwa vibaya, basi. Akaongeza, hata mimi nilimtafuta wa kumlaumu mwaka mzima.

Yule mama alinyamaza. Kisha akauliza, "Wewe unameza saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Taarifa ya habari ikianza, nami nainuka kuchukua maji."

"Nyumbani kwangu hakuna redio."

"Jirani?"

"Jirani anayo. Anafungulia sauti kubwa."

"Basi," alisema mama mdogo.

Wakaitwa, mmoja baada ya mwingine.